Nesi Asiyemwacha Mgonjwa Alale

Wanaomuuguza ndugu aliyefanyiwa upasuaji wa mshipa wa damu wa ubongo huwa na lalamiko moja: nesi hamwachi alale. Kila saa anamwamsha. "Baba, jina lako nani? Uko wapi? Huu mwezi gani?" Kisha tochi machoni, na amri ya kuinua mikono yote miwili. Mgonjwa anafoka, ndugu wananuna.

Nawaelewa, ila haki iko kwa nesi. Mara nyingi mgonjwa huyu ameletwa baada ya mshipa uliotuna kama puto kupasuka na kumwaga damu kuuzunguka ubongo. Daktari ameudhibiti, ama kwa kufungua fuvu na kuubana kwa kibanio, njia aliyoianza Walter Dandy kule Marekani mwaka 1937, ama kwa kupitisha mrija kinenani hadi kichwani na kulijaza puto hilo nyuzi laini za platinamu. Hatari haijaisha. Kati ya siku ya 4 na ya 14 hivi tangu damu imwagike, mishipa mingine huweza kusinyaa na kuunyima ubongo damu. Ndiyo sababu ya vidonge vya nimodipini kila baada ya saa 4, kwa siku 21, hata usiku wa manane. Na kwa kuwa dawa hiyo hushusha presha, nesi hupima presha pia.

Dalili za kusinyaa huanza kidogo kidogo. Aliyejibu upesi saa mbili, saa tatu anasitasita. Mkono mmoja unashuka wenyewe. Nesi hutumia kipimo cha Glasgow, cha mwaka 1974, kazi ya Graham Teasdale na Bryan Jennett: macho alama 4, kauli 5, viungo 6. Jumla 15, ya chini kabisa ni 3, ambayo hata maiti angeipata. Zikishuka 2, daktari anaitwa palepale. Zamu zikibadilishana, ni vizuri manesi wawili wampime pamoja, maana "anasinzia" ya mmoja huweza kuwa "hajitambui" ya mwenzake.

Aliyepitishiwa mrija kinenani hulala mguu umenyooka kwa saa kadhaa, na nesi hupapasa mapigo ya unyayo. Hupewa pia dawa ya kulainisha choo, kwani kujikamua huongeza shinikizo kichwani.

Ugomvi mkubwa zaidi ni wa uji. Ndugu humnywesha kwa siri, kwa huruma, kabla hajapimwa kumeza. Koo likiwa limelegea, uji huingia mapafuni na kuleta nimonia. Nesi humketisha kwanza, akampa kijiko cha maji, akasikiliza kikohozi na sauti. Hata mgonjwa akianza kuruhusiwa, huenda akaanzia uji mzito, kwa kuwa mwepesi hukimbilia njia ya hewa.