Muziki ni haramu au halali? Tujue kwanza ugomvi uko wapi

Leo nagusa mada ambayo kila ikitajwa watu wanatoana macho: muziki katika Uislamu. Upande mmoja unaambiwa haramu mia fil mia, tena usibishe. Upande wa pili unaambiwa hakuna dalili hata moja, ni ukali wa watu tu. Wote wanaongea kwa kujiamini na wote wanaruka vitu. Mimi si shekhe, nina kidato cha nne na madrasa yangu ya mtaani, kwa hiyo fatwa usitegemee hapa. Nachotaka ni tujue ugomvi wenyewe uko wapi hasa, maana mara nyingi tunagombania yale ambayo hata maulamaa hawakugombana.

Tuanze na neno lenyewe. Sisi tukisema "muziki" tunatia kila kitu kwenye gunia moja: kasida za madrasa, dufu la maulidi, taarab, bongofleva, mpaka disko la Jumamosi. Wanavyuoni wa zamani hawakufanya hivyo. Walitenganisha sauti ya mtu anayeimba na ala zinazopigwa, na kwenye ala wakatenganisha dufu na vyombo vya nyuzi na vya kupuliza. Kila kimoja kina mjadala wake. Ukiuliza "muziki unaruhusiwa?" ni kama kumuuliza daktari "dawa inafaa?" Atakuuliza dawa gani, na ya nini.

Sasa dalili. Ndani ya Qur'an hakuna aya inayotaja muziki kwa jina lake. Inayotumika sana ni aya ya 6 ya Sura Luqman, inayowalaumu watu wanaonunua mazungumzo ya upuuzi ili wapoteze wengine na njia ya Mwenyezi Mungu. Swahaba Ibn Masud alisema makusudio ni kuimba, na imepokewa kwamba aliapa mara tatu. Huyo si mtu wa kumpita hivihivi, alikuwa katika wajuzi wakubwa wa Qur'an. Lakini wapo wafasiri wanaosema aya ilishuka kwa sababu ya Nadhr bin Harith, Mkuraishi aliyekuwa akileta visa vya wafalme wa Uajemi ili watu waache kumsikiliza Mtume (S.A.W.). Na Ibn Hazm wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1064, alishikilia kwamba kinacholaumiwa ni ile nia ya kupoteza watu. Kwa maelezo yake hata mtu akinunua msahafu kwa lengo la kupotosha watu, lawama hiyo itamkuta.

Hadithi nzito kuliko zote iko kwenye Sahihi Bukhari, katika mlango wa vinywaji. Maana yake ni kwamba watatokea watu katika umma huu watakaohalalisha zinaa, hariri, pombe na maazif, yaani ala za muziki. Wanaoharamisha wanasema: kama watu "watahalalisha", basi asili ya kitu hicho ni haramu, na angalia kimewekwa jirani na nini. Kwa kweli hoja hii ina nguvu. Ibn Hazm huyohuyo akaipinga kwa kusema mnyororo wa wapokezi umekatika kati ya Bukhari na Hisham bin Ammar. Wengi wanaoruhusu muziki wakifika hapo wanafunga kitabu na kushangilia... hawasemi kwamba mabingwa wa hadithi waliokuja baada yake, kama Ibn Hajar al-Asqalani (alifariki 1449), walimjibu na kuonyesha kwamba mnyororo umeungana kupitia njia nyingine. Kwa hiyo ukikutana na mtu anayekwambia "hadithi ile dhaifu, yamekwisha", mwambie asome na majibu.

Upande wa pili nao wana lao. Siku ya Idi vibinti wawili walikuwa wakiimba nyumbani kwa Bi Aisha (R.A.), na riwaya nyingine zinataja dufu. Akaingia Sayyidna Abubakar akakemea, akaita ni zumari la shetani. Mtume (S.A.W.) akamwambia awaache, kila watu wana Idi yao. Iko Bukhari na Muslim, hakuna wa kuigusa. Ipo pia ya harusi ya Bi Rubayyi, wasichana wakipiga dufu na kuwataja wazee wao waliouawa Badr. Mmoja akaimba kwamba kati yao yupo Mtume anayejua ya kesho. Mtume akamkataza neno hilo TU, akamwambia aendelee na yale aliyokuwa akiimba mwanzo. Mimi hadithi hii huwa naiona inafundisha sana: maneno yalirekebishwa, dufu likaendelea.

Lakini tusiwe wepesi. Wanaoharamisha wanajibu kwamba wale walikuwa watoto, riwaya moja inasema wazi hawakuwa waimbaji wa kazi, ilikuwa Idi, na Mtume hakulikanusha lile jina la "zumari la shetani", alitoa udhuru wa Idi. Mnaona jinsi hadithi moja inavyovutwa pande mbili? Kuna nyingine ya Ibn Umar, aliposikia zumari la mchunga akaziba masikio kwa vidole, akasema alimwona Mtume akifanya hivyo. Mmoja anasema: aliziba kwa sababu ni haramu. Wa pili anauliza: kama ni haramu, mbona hakumwambia Nafi, aliyekuwa naye, azibe? Na mbona mchunga hakukatazwa? Halafu Abu Daud mwenyewe aliyeipokea akasema ni hadithi isiyokubalika.

Twende kwenye fiqhi, maana huku pwani sehemu kubwa yetu ni Mashafii na watu wanapenda kusema "madhehebu yetu". Minhaj ya Imamu Nawawi, aliyefariki 1277, ni kitabu ambacho mashekhe wa pwani wamekisomesha vizazi na vizazi. Humo dufu linaruhusiwa kwa harusi na kwa tohara, na kwa kauli yenye nguvu zaidi hata kwa shughuli nyingine, hata kama lina njuga. Udi na vyombo vya nyuzi vya aina yake ni haramu kupiga na haramu kusikiliza. Filimbi ya mchunga imezozaniwa: Imamu Rafii kairuhusu, Nawawi akasema sahihi zaidi ni haramu. Kwa hiyo mtu akikwambia Imamu Nawawi kahalalisha gitaa, anakudanganya. Na akikwambia Imamu Nawawi kaharamisha dufu la harusi, huyo naye anakudanganya.

Hapa sasa ndipo kwenye utamu. Minhaj inazielezaje hizo ala za haramu? Inasema ni zile ambazo ni alama ya wanywaji pombe. Na Imamu Ghazali (alifariki 1111) karibu miaka 170 kabla alikwisha lifungua jambo hilo katika Ihya, kwenye kitabu kizima kuhusu kusikiliza. Kwake sauti nzuri yenyewe haina kosa. Mtu haharamishiwi sauti ya ndege. Ala za nyuzi na zumari zilikatazwa kwa kuifuata pombe, kwa kuwa ndizo zilikuwa zikipigwa vilabuni na zinawakumbusha walevi glasi zao. Halafu akataja mambo matano yanayogeuza kusikiliza kuwa haramu: anayeimba akiwa ni mtu wa kuleta fitina kwa anayemtazama, ala ikiwa ni hizo za walevi, maneno yakiwa machafu, msikilizaji mwenyewe akiwa ametawaliwa na matamanio, na mtu kufanya ndiyo kazi yake usiku na mchana.

Kwa hiyo swali lenyewe hasa ni hili: ala imekatazwa kwa dhati yake, au kwa sababu ya kampani yake? Ukijibu "kwa dhati yake", gitaa ni haramu hata likipigwa na mtu peke yake chumbani akimsifu Mtume. Ukijibu "kwa kampani yake", basi lazima uangalie leo kinanda kinapigwa wapi, na nani, na maneno gani. Shekhe Mahmud Shaltut, aliyekuwa Shekhe wa Al-Azhar kuanzia 1958 hadi 1963, alikwenda njia ya pili, na Yusuf al-Qaradawi (alifariki 2022) pia, kwa masharti. Shekhe Ibn Baz wa Saudia na Shekhe al-Albani, ambao wote wamefariki 1999, walishika ya kwanza, na al-Albani akaandika kitabu kizima kumjibu Ibn Hazm na wenzake. Wengi katika historia wako na hawa wa mwisho. Hilo lazima tulikubali, hata kama tunapenda taarab.

Na tunaipenda kweli. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza muziki. Mwaka 1905 kikaanzishwa Ikhwani Safaa, na mwaka 1928 Siti binti Saad akaenda Bombay kurekodi. Fidla, udi, ganuni, vyote ndani ya mji wenye misikiti kila kona. Kwangu mimi hii haithibitishi uhalali, maana mazoea ya watu si dalili. Vilevile ile habari ya Saudi Arabia kurudisha matamasha ya hadhara mwaka 2017, wanaoileta kama hoja wanachekesha. Serikali ikibadili sera, hadithi haibadiliki.

Lakini Lamu ni tofauti kidogo. Habib Swaleh, mwanzilishi wa Msikiti wa Riyadha, aliingiza matari kwenye maulidi ndani ya msikiti wenyewe, na wapo wakubwa wa mji waliompinga vikali. Leo maulidi hayohayo ya Lamu yanavuta watu kutoka pwani nzima. Pale ubishi ulikuwa wa watu wa elimu kwa watu wa elimu, tena kuhusu dufu, chombo ambacho wote wanakubali kina ruhusa mahali fulani. Ubishi ulikuwa mahali gani. Ndiyo maana nasema swali huwa si moja.

Nina sababu ya kuandika haya. Nina jamaa yangu anapiga kinanda kwenye kikundi cha taarab ya kisasa, harusi na kitchen party. Mwaka mmoja mama yake alisikia mawaidha kwamba pesa ya muziki ni haramu, basi. Tangu hapo hagusi pesa ya mwanawe. Sukari akileta inakaa, unga akileta unagawiwa kwa jirani. Jamaa ana umri wangu, hana cheti cha maana, kinanda ndicho anachokijua. Akaniuliza mimi, eti kwa sababu nashinda kwenye mtandao nasoma!

Nikamwambia nilichoelewa. Mama yako hajazua, ana jopo kubwa la maulamaa nyuma yake, usimwambie amepitwa na wakati. Wewe nawe hujakufuru, yapo maoni ya wanavyuoni ambao wangekuruhusu ala yenyewe. Ila hata hao wangekuuliza kuhusu pombe ukumbini na nyimbo za kutukanana mnazopigia. Hapo hakuna mwanachuoni wa kukutetea, si Ghazali, si Qaradawi. Alinyamaza, maana mipasho ndiyo inayotuzwa.

Tangu hapo anajaribu kupata kazi za kasida. Amekuta huko nako kuna ubishi mpya. Vikundi vingine vinakataa kinanda kabisa na vinarekodi kwa sauti za watu tupu. Hata nje huko ni hivyo: Yusuf Islam, aliyekuwa akiitwa Cat Stevens, alisilimu 1977 akaacha muziki, na hakutoa albamu ya aina ile mpaka 2006. Maher Zain naye, albamu yake ya kwanza ya 2009 ilitolewa pia bila ala nyingine zaidi ya ngoma. Sasa studio wanachukua sauti ya mtu, wanaipitisha kwenye kompyuta, inatoka kama besi na ngoma kamili. Ukisikia huwezi kujua hakuna ala.

Hiyo nimewauliza mashekhe wawili wa hapa mtaani. Wa kwanza kasema halali, hakuna ala iliyoguswa. Wa pili kasema kama sikio linasikia zumari, hukumu ni ya zumari. Jamaa bado anasubiri jibu la kumpelekea mama yake, kwa hiyo mwenye kuijua zaidi aandike hapo chini, na aseme dalili yake ni ipi. Matusi sitayaruhusu.