Je, Wajua? Jumba la Fundi Aliyeponea Kitanzi

Je, wajua kwamba huko Natchez, Mississippi, kuna ngazi inayojipinda mpaka ghorofani bila nguzo hata moja chini yake? Imo ndani ya Auburn, jumba la matofali lililojengwa mwaka 1812. Miaka zaidi ya 200, na haijaanguka!

Na fundi wake wamjua? Levi Weeks, seremala kutoka Massachusetts. Mwaka 1800 alisimama kizimbani New York kwa kesi ya mauaji, baada ya binti aitwaye Elma Sands kukutwa amekufa kisimani. Utasema habari yake imekwisha. Ngoja kwanza! Waliomtetea ni Alexander Hamilton na Aaron Burr, mahasimu wa siasa, bega kwa bega. Baraza la mahakama lilijadiliana dakika 5 tu: hana hatia. Miaka 4 baadaye, Burr akampiga Hamilton risasi na kumuua.

Weeks alihama mji, akaibukia Natchez. Huko mwanasheria Lyman Harding akampa kazi ya kumjengea Auburn.

Haya, pima nawe: futi 60 kwa 45, na mbele baraza yenye nguzo 4 ndefu. Weeks alijigamba kwenye barua kwamba hakuna aliyewahi kujaribu nguzo za mtindo wa kale katika eneo lile kabla yake. Lakini zitazame vizuri. Nguzo ni za Ionia, na boriti iliyo juu yake ni ya Korintho, kama mtu aliyevaa suti na makubazi! Mimi naona zimependeza.

Mtindo wenyewe ni Federal, uliovuma Marekani kati ya 1780 na 1830. Sharti lake: kushoto kufanane na kulia. Ndiyo maana Stephen Duncan, mmiliki aliyefuata, alipotaka nafasi zaidi hakuongeza ubavu mmoja. Aliongeza miwili!

Pesa alizitoa wapi? Pamba. Duncan alisomea udaktari, akawa bwana mashamba, na watu aliowamiliki kama watumwa walizidi 1,000. Isome tena namba hiyo.

Mwaka 1911 warithi wake waliukabidhi mji wa Natchez jumba pamoja na viunga vyake. Na wajua kinachofanyika leo kwenye viunga hivyo? Watu wanacheza gofu!