Akidi katika Kura ya Alama

Katika kura ya alama, mpigakura hachagui jina moja na kuyaacha mengine. Humpa kila mgombea alama, tuseme kuanzia 0 hadi 10, kama mwalimu anavyosahihisha mtihani, na mwenye wastani mkubwa ndiye mshindi. Asiyemfahamu mgombea fulani huruhusiwa kuiacha nafasi yake wazi. Sifuri husema "hafai". Nafasi tupu husema "simjui".

Ugumu huanzia kwenye nafasi hizo tupu. Chukulia wapigakura 1,000 na wagombea watatu. Asha amepewa alama na wote, kwa wastani wa 7. Neema anajulikana kwa watu 600, nao wamempa wastani wa 8. Juma anajulikana kwa jamaa zake 20 tu, na kila mmoja amempa 10. Wastani peke yake humpa Juma ushindi, ilhali watu 980 hawajasema lolote juu yake. Ikitumika jumla ya alama, Asha hupata 7,000, Neema 4,800 na Juma 200. Juma ameondoka, lakini Neema ameonewa: kila asiyemjua amehesabiwa kana kwamba amempa sifuri.

Hapa ndipo inapoingia akidi, yaani kiwango cha chini ambacho mgombea lazima akifikie: huamua nani anastahili kushindanishwa kwa wastani. Ikiwekwa kuwa nusu ya wapigakura, Juma hutolewa, Neema hubaki na kushinda kwa haki.

Hata hivyo, akidi ya idadi ya watu ina kasoro nzito. Tuseme Neema amepewa alama na watu 499 tu, kwa wastani uleule wa 8. Anakuja mpigakura mmoja asiyemtaka kabisa na kumpa sifuri. Sasa waliompa alama ni 500, akidi imetimia, wastani wake ni 7.98, na anamshinda Asha. Mpinzani wake ndiye aliyempitisha. Dawa ya kasoro hiyo ni kupima akidi kwa jumla ya alama, kwa mfano nusu ya jumla iliyo kubwa kuliko zote. Sifuri haiongezi jumla, hivyo haiwezi kumvusha mtu.

Njia nyingine haina mstari wa kukata. Kila mgombea huongezewa kura za kubuni za sifuri, tuseme 100, kisha wastani hukokotolewa. Juma hushuka hadi 1.67, Asha hupata 6.36 na Neema 6.86. Anayejulikana kwa wengi huguswa kidogo, anayejulikana kwa wachache huporomoka. Tovuti ya filamu ya IMDb hupanga filamu zake bora kwa hesabu ya jamii hiyo, ila huvuta alama kuelekea wastani wa filamu zote badala ya sifuri.

Akidi ya juu huzuia ushindi wa kundi dogo. Ya chini humfungulia mlango mgombea mgeni. Kiwango chochote kitakachochaguliwa hakina budi kutangazwa kabla ya kura kupigwa, kwa kuwa anayekipanga akiwa ameshaona matokeo huwa anamchagua mshindi yeye mwenyewe.