Korosho Mizanini, Bibo Gizani

Msimu wa korosho ufikapo kwetu kusini, kuanzia mwezi wa Oktoba, mkorosho huzaa vitu viwili kwa pamoja. Cha kwanza ni korosho yenyewe, ining'iniayo chini. Cha pili ni bibo, tunda jekundu au la manjano lenye maji mengi na harufu nzuri. Katika vijiji vya Kilangala, na kote pwani ya Lindi na Kilwa, watoto huviokota vyote viwili asubuhi. Lakini njia za vitu hivyo huachana papo hapo. Korosho hutiwa guniani, hupelekwa chama cha msingi, hupimwa na kuandikwa. Na tangu msimu wa mwaka 2007 huwekwa ghalani kwa stakabadhi na kuuzwa mnadani. Bibo halina mizani wala stakabadhi. Likikaa siku moja au mbili huoza. Basi mengine huliwa, mengi hutupwa, na mengine huingia pipani.

Ndugu msomaji, habari ya hayo ya pipani ndiyo tunayotaka kuizungumza leo, bila kumtaja jirani na bila kumcheka.

Uraka na nipa

Maji ya mabibo yaliyochacha huitwa uraka. Uraka ukichemshwa, na mvuke wake ukapitishwa katika mrija na kupozwa, hutoka nipa, kali, nyeupe kama maji. Kwingine pombe ya namna hiyo huitwa gongo, piwa au moshi. Mti wenyewe ni mgeni. Wareno waliuleta kutoka Brazil katika karne ya 16, wakaupanda Msumbiji na Goa, huko India. Na huko Goa wakulima nao hukeneka mabibo hata leo. Kinywaji cha mkeneko wa kwanza hukiita urrak. Asili ya jina hilo ni neno la Kiarabu lenye maana ya jasho, kwa kuwa pombe hutoka mrijani tone kwa tone.

Tuseme kweli: mara nyingi anayekeneka nipa si mlevi. Ni mama aliyeachiwa watoto, au mzee ambaye mikorosho yake imechoka. Daftari, sare na dawa havingoji mnada. Bibo amelipata bure, kuni zipo, na mnunuzi huja mwenyewe usiku. Mabibo ya kujaza mkokoteni hayafiki mjini yakiwa mazima. Nipa yake hubebeka katika dumu juu ya baiskeli, na siku hizi juu ya pikipiki. Hapo ndipo anapoingizwa kijana, yule ajuaye kila njia ya mashambani na asiyeogopa kwenda bila taa.

Serikali zimelikataza jambo hili tangu zamani. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliizuia pombe kali, au kuitoza ushuru, katika sehemu kubwa ya Afrika, na ule wa Saint-Germain wa mwaka 1919 ukaendeleza katazo. Baada ya uhuru Bunge letu likatunga Sheria ya Moshi ya mwaka 1966. Kutengeneza moshi bila leseni, kuuuza, au hata kukutwa nao, ni kosa la kumpeleka mtu mahakamani.

Watu wa milimani Marekani

Shida hii si yetu peke yetu. Natuvuke bahari twende kusini mwa Marekani, katika milima ya Georgia na North Carolina, kwa maana habari ya watu wa huko ina fundisho kwetu. Wao walilima mahindi. Njia zilikuwa mbaya, gunia lilikuwa zito, na bei ilikuwa ndogo. Kwa hiyo waliyakeneka mahindi yao, kama sisi tunavyokeneka mabibo. Serikali iliitoza kodi pombe kali tangu mwaka 1791. Kodi hiyo iliwahi kuondolewa, ikarudishwa mwaka 1862 wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, wala haikuondoka tena. Asiyetaka kulipa alikeneka usiku kwa mwanga wa mwezi, na kwa sababu hiyo pombe hiyo ikapewa jina la mbalamwezi. Kuanzia Januari 1920 hadi Desemba 1933 pombe ilipigwa marufuku katika nchi nzima. Hata hivyo walevi hawakwisha, na wachuuzi wa siri walitajirika.

Mwaka 1932 kampuni ya Ford ilitoa motokaa ya bei nafuu yenye injini ya silinda nane. Vijana wa milimani waliipenda mno. Kwa nje waliiacha ionekane kama motokaa ya mkulima yeyote. Kwa ndani waliitia injini nguvu, wakang'oa viti vya nyuma, wakakaza springi za nyuma ili gari lisiiname likipakiwa mamia ya lita za pombe. Usiku walishuka nayo milimani taa zikiwa zimezimwa, askari wa kodi wakiwafuata. Siku ya mapumziko walibishana nani mwepesi kuliko wenzake, wakashindana mashambani, na watu wakaja kutazama. Hapo ndipo mashindano ya motokaa za kawaida yalipoota mizizi kusini mwa Marekani, ingawa si madereva wote waliokuwa wachukuzi wa pombe.

Mmoja wao alikuwa Lloyd Seay wa Georgia, kijana wa miaka 21. Tarehe 1 Septemba 1941 alishinda mashindano makubwa mjini Atlanta, watu wakimshangilia. Kesho yake alikuwa maiti. Ndugu yake, mtoto wa mmoja wa wazazi wadogo katika ukoo, alimpiga risasi kwa ugomvi wa deni la sukari, sukari ya kutengenezea pombe. Fikiri, msomaji. Deni la korosho likiwa na ubishi, kuna karatasi, kuna chama, kuna hakimu. Deni la sukari ya pombe ya siri wangelipeleka kwa nani? Kazi ya kificho haina mahakama. Mwenye kudhulumiwa hunyamaza, au huchukua silaha.

Mkaguzi chini ya motokaa

Mnamo Desemba 1947 watu wa mashindano walikutana katika mji wa Daytona Beach, Florida, wakiitwa na Bill France. Walitaka ziwepo kanuni moja kwa wote na zawadi zinazolipwa kweli, kwa maana wasimamizi wengine walizoea kutoroka na fedha za mlangoni. Mwaka 1948 chama chao, NASCAR, kikaandikishwa.

Mashindano yao ya kwanza ya motokaa zilizo kama zilivyotoka dukani yalifanyika mjini Charlotte tarehe 19 Juni 1949. Aliyetangulia kufika alikuwa Glenn Dunaway, katika Ford ya mwaka 1947. Mkaguzi akainama, akaangalia chini ya motokaa, akaona springi za nyuma zimekazwa kwa namna ya wachukuzi wa pombe. Ushindi akapewa Jim Roper, aliyekuwa wa pili. Mwenye motokaa alikwenda mahakamani kudai fedha nyingi, akashindwa. Watazamaji wengi waliiona adhabu ile kuwa kali. Lakini tangu siku ile kila dereva alijua kwamba kuna jicho litazamalo na kanuni isiyompendelea mtu.

Wako waliochelewa kuchagua. Junior Johnson wa North Carolina, aliyezaliwa mwaka 1931, alikuwa tayari dereva mashuhuri wa mashindano, wala hakuacha kazi ya usiku. Askari hawakumpata barabarani. Walimkamata mwaka 1956 penye mtambo wa baba yake, naye akakaa gerezani miezi 11. Alipotoka alirudi kushindana, na mwaka 1960 alishinda mashindano makubwa ya Daytona. Ushindi wake wote ulifika 50. Mwaka 1986 Rais Ronald Reagan alimpa msamaha. Ufundi wake ulikuwa ule ule, wa usiku na wa mchana. Ule wa usiku ulimpeleka kifungoni. Ule wa mchana ulimlisha na kumpa heshima mpaka alipofariki mwaka 2019.

Sumu isiyo na harufu

Sasa turudi kwetu. Katika kazi ya kificho hakuna mkaguzi wa kuinama, na hapo ndipo watu wanapokufa. Kuna namna ya pombe iitwayo methanoli, itumikayo viwandani. Kwa macho na kwa harufu ni vigumu kuitambua ndani ya pombe ya kunywa. Wachuuzi wenye tamaa huichanganya ili dumu lijae. Pia mitambo iliyoungwa kwa risasi, au iliyotengenezwa kwa rejeta kuukuu za magari, huacha madini ya sumu ndani ya kinywaji. Hilo liliwapata wanywaji wengi Marekani.

Mjini Nairobi, mwezi wa Novemba 2000, pombe ya namna hii iliua zaidi ya watu 100, na wengine walipofuka. Mwaka 2010 makumi ya watu walikufa wilayani Kabale, Uganda. Basi jihadharini. Mtu aliyekunywa, na baada ya saa kadhaa, au hata kesho yake, akaumwa kichwa na tumbo, akatapika, na macho yake yakaona ukungu, asiachwe alale eti pombe imtoke. Apelekwe hospitali mara moja, na mganga aambiwe ukweli wote. Aibu isimwue.

Kulitoa bibo mwangani

Wako waliojaribu kuitoa kazi hii gizani. Mwaka 1965 Uganda ilitunga sheria ya kuwapa leseni wakenekaji, nayo pombe yao ikasafishwa kiwandani na kuuzwa kwa jina la Uganda Waragi. Goa ilifanikiwa zaidi: feni, pombe yao ya mabibo, iliandikishwa mwaka 2009 kuwa mali ya nchi yao, hata mtu wa mahali pengine asiweze kulitumia jina hilo. Kenya iliipiga chang'aa marufuku mwaka 1980, ikairuhusu kwa leseni mwaka 2010. Lakini mwaka 2014 makumi ya watu walikufa tena kwa methanoli. Hapo twaona kwamba karatasi ya sheria peke yake haitoshi. Sharti awepo mpimaji.

Nasi je, tufanye nini msimu ujao? Mbio za motokaa si dawa ya Kilangala, na sheria yetu ni lazima tuifuate. Lakini bibo lina faida nyingine. Lina vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa. Ukakasi wake unaoshika koo hupungua maji yake yakichanganywa na uji mwepesi wa wali au wa muhogo, yakatulia, kisha yakachujwa. Maji hayo yakichemshwa yafaa kwa watoto. Na bibo lenyewe lafaa kwa jamu, au kukaushwa juani. Akina mama watano au sita wakishirikiana, wakamwita bibi shamba awafundishe usafi na kipimo, chupa zao zaweza kusimama sokoni mchana.

Na ninyi akina baba wenye vijana wa pikipiki, waulizeni wanachukua nini usiku, na kwa ujira wa nani. Kijana ajuaye kuifungua injini na kuifunga tena gizani ni fundi tayari. Mtafutieni leseni, mtafutieni gereji ya kujifunzia, kabla mwenye dumu hajamtafuta.