Mkono wa Askari, Saini ya Balozi

Mwaka 2007, askari polisi wa Dar es Salaam walianza kukunja mikono ya mashati mbele ya wauguzi wa hospitali ya Muhimbili. Hawakuwa wagonjwa. Walikuwa watu 60 wenye afya njema, wasio na virusi vya UKIMWI, waliojitolea kuchomwa chanjo ya majaribio ambayo sehemu yake ya kwanza ilitoka Sweden na ya pili Marekani. Jaribio hilo, HIVIS03, halikuzaa chanjo ya kupeleka hospitalini. Hadi leo dunia haina. Lakini miili ya waliochanjwa iliitikia vizuri, na kazi kubwa ya kupima kinga ilifanyika hapohapo jijini, wala si kila kichupa cha damu kilipanda ndege kwenda Stockholm.

Kufika hapo kulichukua miaka mingi. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Mwaka 1986 wataalamu wa Muhimbili na wenzao wa Sweden, wakiwemo wa Taasisi ya Karolinska, wakaanzisha mpango wa pamoja ulioitwa TANSWED. Katika miaka ya 1990 wakaanza kufuatilia afya ya askari polisi wa Dar es Salaam waliokubali kupimwa mara kwa mara. Askari ana mwajiri mmoja na kituo kinachojulikana. Ukimpima leo, mwakani utamwona tena. Kwa hiyo wale 60 hawakuokotwa njiani. Walitoka katika jeshi lililokwisha kuwazoea watafiti kwa zaidi ya miaka kumi.

Ubalozi unaingia wapi katika ushirikiano wa namna hii? Wengi huufahamu kwa picha ya gazetini: balozi na makamu mkuu wa chuo, kalamu mbili, bendera ndogo mezani, makofi, kisha sambusa na soda. Kazi yenyewe huanza wageni wakishaondoka. Afisa wa ubalozi husoma taarifa za matumizi, huuliza kwa nini vifaa vya maabara vimekwama bandarini, hutoa fedha kwa awamu, na akiona hesabu hazikai sawa huizuia awamu inayofuata. Ni kazi ya kuchosha, na hakuna mpiga picha anayeifuata.

Sweden imekuwa katika ushirikiano wa utafiti kwa muda mrefu. Mwaka 1975 iliunda SAREC, shirika la kushirikiana kiutafiti na nchi zinazoendelea, na mwaka 1995 likaunganishwa na Sida, shirika lake la misaada ya maendeleo. Tanzania ilikuwa miongoni mwa washirika wa mwanzo, enzi ambazo sayansi ilisimamiwa na baraza lililoitwa UTAFITI, kabla ya sheria ya mwaka 1986 kuleta Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Chuo Kikuu cha Makerere cha Uganda kikafuata mwaka 2000, Rwanda mwaka 2002.

Kilichofanya ushirikiano huo uote mizizi ni mpango ambao wanachuo wenyewe huuita sandwichi. Mwanafunzi wa shahada ya uzamivu hafungashi virago kwenda Ulaya miaka minne. Huenda miezi kadhaa kusoma na kutumia mitambo, hurudi nyumbani kukusanya data, huenda tena kuchambua, hurudi. Ana wasimamizi wawili, mmoja wa huku na mmoja wa kule. Faida yake ni kubwa kuliko inavyosikika: swali la utafiti linabaki kuwa la nyumbani, familia haivunjiki, na msomi akihitimu anakuta ofisi yake bado ina jina lake mlangoni. Udhaifu upo pia. Mhadhiri aliye katika mpango huu mara nyingi hubaki na zamu zake zote za kufundisha, akawa mwanafunzi asubuhi na mwalimu mchana.

Saini ya balozi haimfungulii mtafiti mgeni kila mlango. Akitaka kufanya kazi Tanzania anahitaji kibali cha COSTECH. Akitaka kufanya kazi Kenya, atakwenda NACOSTI, tume ya sayansi ya nchi hiyo. Utafiti unaogusa afya za watu hupita pia kwenye kamati ya maadili, na damu ikitaka kuvuka mpaka lazima uwepo mkataba wa sampuli unaosema itatumika kwa nini na nani ataimiliki. Wapo wageni wanaoziita taratibu hizi urasimu. Kwa nchi zilizowahi kuona mali zake zikienda zisirudi, ni busara ya kawaida.

Kero ya upande wa pili iko katika jengo lilelile la ubalozi, kwenye dirisha la visa. Ghorofani wanatia saini makubaliano ya kubadilishana wataalamu. Chini mtaalamu huyohuyo anaambiwa hakuthibitisha kwamba atarudi kwao. Mwaka 2022, mkutano mkubwa wa UKIMWI ulipofanyika Montreal, wajumbe wengi wa Afrika walikosa visa za Canada, ilhali mada kuu ilikuwa ugonjwa unaoliumiza zaidi bara lao. Visa ya Schengen, tangu Juni 2024, ni yuro 90, na ukinyimwa hazirudi. Mkataba usio na kifungu cha visa umeandikwa nusu.

Fedha nazo hufuata upepo wa siasa za nchi wafadhili. Juni 2023 serikali ya Sweden ilisitisha ruzuku za utafiti wa maendeleo zilizopitia Baraza la Utafiti la nchi hiyo, wakati maombi ya mwaka huo yameshapokelewa. Mwanzoni mwa 2025 Marekani ikasimamisha misaada ya USAID, na mradi wa BRILLIANT, uliounganisha nchi nane za Afrika kutafuta chanjo ya UKIMWI chini ya uongozi wa wanasayansi wa Afrika Kusini, ukapoteza ruzuku ya kiasi cha dola milioni 45 ukiwa ukingoni mwa kuanza majaribio.

Januari 2007, mwaka uleule askari walipokunja mashati, viongozi wa Umoja wa Afrika walikutana Addis Ababa wakahimizana kila nchi itenge angalau asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Tanzania bado haijafika hapo.