Mitihani ya Leseni kwa Wanafunzi wa Udaktari wa Osteopathia Nchini Marekani

Mgonjwa anayelazwa katika hospitali ya Marekani huenda akaona kwenye beji ya daktari wake herufi D.O. badala ya M.D. Wagonjwa wengi, wakiwamo wazungumzaji wa Kiswahili waishio huko, hujiuliza iwapo huyo ni daktari kamili. Ndiyo, ni daktari kamili. Ana leseni ya kutibu, kupasua na kuandika dawa katika majimbo yote 50. Makala haya yanaeleza mitihani anayoipitia ili kupata leseni hiyo, maandalizi yanayofaa, na sababu za mitihani hiyo kumhusu mgonjwa.

Asili ya taaluma

Osteopathia ya Marekani iliasisiwa na tabibu Andrew Taylor Still, aliyefungua shule ya kwanza katika mji wa Kirksville, jimbo la Missouri, mwaka 1892. Alifundisha kwamba mwili ni kitu kimoja, na kwamba hali ya mifupa, misuli na maungio inahusiana na afya ya viungo vya ndani. Tangu wakati huo taaluma hii imebadilika sana. Mwanafunzi wa leo husoma patholojia, famakolojia, upasuaji na magonjwa ya watoto sawa na mwenzake wa M.D., kisha huongezewa takriban saa 200 za uchunguzi na tiba kwa mikono.

Ifahamike kwamba jina hili halina maana moja kila mahali. Nchini Uingereza, kwa mfano, mtaalamu wa osteopathia hutibu kwa mikono lakini si daktari wa tiba. Kwa sababu hiyo, ni busara kwa mgonjwa au mhudumu wa afya kuuliza mtaalamu husika alisomea nchi gani na ana leseni ya kazi gani.

Mitihani yenyewe

Mwanafunzi wa D.O. hufanya mtihani uitwao COMLEX-USA, unaosimamiwa na bodi ya kitaifa ya watahini wa osteopathia, iliyoundwa mwaka 1934. Mtihani huo una ngazi tatu. Ya kwanza hupima sayansi za msingi na ya pili hupima maarifa ya kitabibu. Mwanafunzi hapewi shahada bila kufaulu ngazi hizo mbili. Ya tatu hufanywa baada ya kuhitimu, wakati wa mafunzo ya ubingwa.

Kando yake upo USMLE, mtihani wa wanafunzi wa M.D. Mwanafunzi wa D.O. anaruhusiwa kuufanya, lakini halazimiki, kwa kuwa COMLEX pekee humtosha kupata leseni. Hata hivyo, tangu mwaka 2020 programu za ubingwa za D.O. na M.D. zimekuwa chini ya mfumo mmoja wa ithibati, na baadhi ya programu bado hutaka alama za USMLE ili kuwalinganisha waombaji.

Mwaka 2022 ngazi za kwanza za mitihani yote miwili ziliacha kutoa alama, na sasa matokeo ni kufaulu au kufeli. Shinikizo halikwisha, bali lilihamia ngazi ya pili, ambayo bado hutolewa kwa alama.

Mtihani mmoja au miwili?

Uamuzi huu haufai kufanywa kwa kuiga wenzake. Mwanafunzi anayetaka taaluma yenye ushindani mkubwa, kama vile baadhi ya fani za upasuaji, huenda akahitaji mitihani yote miwili. Anayeelekea tiba ya familia huenda asiihitaji. Jambo la busara ni kuchunguza mapema masharti ya programu anazozikusudia na kushauriana na walimu wake. Mtihani wa hiari nao una hatari yake, kwani akiufeli, matokeo hayo hubaki katika kumbukumbu zake. Isitoshe, kila ngazi ya mitihani hii ina kikomo cha majaribio manne.

Maarifa yale yale, swali jingine

Chukua mfano wa mwanamume wa miaka 58 mwenye maumivu ya kifua yanayosambaa hadi mkono wa kushoto, huku akitokwa jasho. Mitihani yote miwili itauliza utambuzi, kipimo cha kwanza na tiba. COMLEX huweza kuongeza swali jingine: mabadiliko ya misuli ya mgongo yatarajiwe kwenye pingili zipi? Jibu ni pingili ya kwanza hadi ya tano ya kifua, zinakotoka neva za simpathetiki ziendazo kwenye moyo.

Kwa hiyo hakuna haja ya kusoma kozi mbili. Msingi ni mmoja, na elimu ya osteopathia huunganishwa na kila mfumo wa mwili tangu mwanzo. Kosa la kawaida ni kuiacha hadi wiki ya mwisho, kisha kukariri orodha za pingili bila kuzielewa.

Lipo pia suala la uaminifu wa kitaaluma. Ushahidi wa baadhi ya alama za mwilini zinazotahiniwa ni hafifu. Mwanafunzi anapaswa kuzijua kwa ajili ya mtihani, lakini mbele ya mgonjwa wa mfano huu, kupapasa mgongo hakuchukui nafasi ya kipimo cha umeme wa moyo wala kipimo cha damu cha troponini.

Njia bora za kujisomea

Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma na waliojipima. Baada ya dakika tano waliorudia walikumbuka zaidi, lakini baada ya wiki moja waliojipima ndio walioongoza. Kutokana na hilo, mwanafunzi ajibu maswali ya mazoezi kila siku, na asome maelezo ya jibu alilokosa na ya lile alilopata kwa kubahatisha. Mada irejewe kwa vipindi vilivyoachana, wala usingizi usitolewe kafara, kwani ndio unaoimarisha kumbukumbu. Majuma kadhaa kabla ya siku yenyewe, afanye jaribio kamili kwa muda halisi. Likionyesha kwamba hajawa tayari, kuahirisha ni bora kuliko kufeli.

Anayefeli asijifiche. Atafute mwalimu, achambue mahali alipoanguka, na abadili njia ya kusoma badala ya kuongeza saa tu. Akikosa usingizi au kukata tamaa, amwone mtaalamu wa afya ya akili.

Kwa mgonjwa, leseni ni uthibitisho kwamba daktari amevuka kiwango cha chini cha usalama. Yaliyo juu ya kiwango hicho, yaani kusikiliza, kukiri asilolijua na kuendelea kujifunza, mgonjwa atayaona katika chumba cha matibabu.