Kupiga Filamu Ufipa: Bajeti ya Vifaa Huanzia Barabarani

Kutoka Dar es Salaam hadi Sumbawanga, mji ulio katika nyanda za juu za Ufipa mkoani Rukwa, ni zaidi ya kilomita 1,100, kupitia Morogoro, Iringa, Mbeya na Tunduma. Gari lililobeba kamera, taa na vyombo vya sauti hutumia siku mbili, likilala njiani. Kwa mtayarishaji wa filamu, siku hizo ndizo mwanzo wa bajeti, maana mwenye kamera anatoza kwa siku, na siku iliyoishia njiani, Makambako, nayo inalipiwa.

Tuchukue mfano wa seti ya kamera, lenzi na tripodi inayokodishwa kwa Sh150,000 kwa siku. Kazi ikiwa ya siku 4, hesabu ya harakaharaka ni Sh600,000. Ongeza siku 4 za kwenda na kurudi, jumla inafika Sh1,200,000, na kila siku ya kupiga picha imegharimu Sh300,000. Kikosi hicho hicho kikikaa siku 10, jumla ni Sh2,100,000, lakini siku moja ya kazi imeshuka hadi Sh210,000. Ufipa haifai kuendewa kwa onyesho moja. Aliyepania kufika huko apange maonyesho yote ya nyanda hizo yapigwe katika safari moja.

Bei nayo hujadiliwa. Katika nchi nyingi kampuni za kukodisha hutoza wiki nzima kwa bei ya siku 3 au 4, na mteja wa Tanzania anaweza kuomba masharti ya namna hiyo. Aombe pia siku za barabarani zitozwe nusu, na aulize mapema kama VAT ya asilimia 18 imo ndani ya bei aliyotajiwa. Vitu vinavyopatikana karibu, kama jenereta, viti na maturubai, vikodiwe Mbeya au Sumbawanga penyewe, visisafirishwe kutoka Pwani.

Orodha ya vifaa hutoka kwenye skripti, onyesho kwa onyesho. Mfano ni filamu ya kumbukumbu kuhusu malungu, zile tanuri ndefu za udongo ambazo wahunzi wa Kifipa waliyeyushia chuma kwa hewa iliyojivuta yenyewe kupitia matundu ya chini, bila mivukuto. Mahojiano ya mchana kando ya tanuri yanahitaji kamera moja, reflekta na maiki nzuri. Ndani ya tanuri ni giza na ni finyu: hapo panatakiwa lenzi pana na taa ndogo ya betri. Mtambo mkubwa wa taa ungekaa garini siku zote huku ukilipiwa.

Hali ya hewa pia ina gharama yake. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri za Juni na Julai ni za baridi kali. Baridi hupunguza nguvu ya betri, kwa hiyo betri za akiba ziwekwe kwenye bajeti, na usiku zilale ndani, zikiwa zimefunikwa. Jua nalo huchomoza karibu nusu saa baada ya Dar es Salaam. Mwongozaji anayepanga ratiba kwa saa za Pwani atajikuta akisubiri mwanga huku mita ya kukodi ikisoma.

Droni inavutia sana ukifikiria maporomoko ya Kalambo, yanayoanguka zaidi ya mita 200 mpakani mwa Tanzania na Zambia. Lakini kuirusha kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na mpakani tahadhari ni kubwa zaidi. Kibali cha Bodi ya Filamu na hicho cha droni viwe mkononi kabla ya kusaini mkataba wa kukodi. Vibali vikichelewa, droni itakaa kwenye boksi lake na malipo yatakuwa palepale.

Pesa ikipungua, sauti isiguswe. Filamu ya Marekani *Tangerine*, iliyoonyeshwa Sundance mwaka 2015, ilipigwa kwa simu za iPhone 5s, lakini sauti yake ilirekodiwa kwa vyombo vya kitaalamu. Kwenye nyasi za Ufipa upepo hauna kizuizi, hivyo maiki isiyo na kinga ya manyoya inaweza kuharibu mazungumzo ya siku nzima. Kinga hiyo ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo katika orodha yote.

Siku ya makabidhiano, kila kifaa kiwashwe na kijaribiwe mbele ya mwenyewe, namba zake ziandikwe, mikwaruzo ipigwe picha. Mkataba useme nani anabeba hasara kikivunjika na dhamana itarudishwa lini. Kisha itengwe akiba ya asilimia 10 ya bajeti kwa ajili ya gari kuharibika au mvua za Novemba hadi Aprili. Kijana wa Rukwa mwenye hadithi na asiye na kamera aanze na kazi isiyo na gharama: aichambue skripti yake, aorodheshe vifaa vya kila onyesho, kisha aombe bei kwa maandishi kutoka kwa wakodishaji wasiopungua watatu.